Kipindi cha "Forever" katika Bonanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayokuja kila kipindi hiki kinapotajwa mbele ya wapenzi wa picha za kikauboi za zamani. Tahadhari mapema: kifo cha Alice, mke wa Joe Cartwright, hakifichwi hapa, maana bila kifo hicho hakuna cha kuzungumza. Namna Joe anavyomalizana na wauaji, hiyo nimeiacha bila kuigusa.

"Forever" ni kipindi gani?

Ni kipindi kilichofungua msimu wa 14, ambao ndio wa mwisho, wa tamthilia ya Kimarekani Bonanza. Kilirushwa na kituo cha televisheni cha NBC Jumanne ya tarehe 12 Septemba 1972, na kilipewa saa mbili badala ya saa moja ya kawaida. Kwenye marudio mara nyingi utakikuta kimekatwa vipande viwili. Ndani yake Joe Cartwright, kitinda mimba wa familia, anaoa. Miaka yote alikuwa akipenda na kukosa. Safari hii ndoa inafungwa, nyumba inajengwa, mke anashika mimba, kisha vyote vinateketea siku moja.

Tarehe nayo ina kisa chake. Bonanza ilianza tarehe 12 Septemba 1959, na katika kipindi kile cha kwanza kabisa, "A Rose for Lotta", Joe anarubuniwa na msanii wa jukwaani aitwaye Lotta Crabtree, aliyetumwa na matajiri wa migodi wenye kuzimezea mate mbao za baba yake. Kijana aliingizwa matatani na mapenzi tangu siku ya kwanza. Miaka 13 baadaye, tarehe ileile, mapenzi yakamwachia majivu.

Sijawahi kuitazama Bonanza. Inahusu nini?

Baba mmoja, Ben Cartwright, na wanawe watatu wa mama tofauti: Adam, Hoss na Joe. Wanaishi kwenye ranchi iitwayo Ponderosa, karibu na Ziwa Tahoe upande wa Nevada, katika miaka ya 1860 na kuendelea. Ranchi ina zaidi ya ekari 600,000, kwa hiyo kila wiki kuna mtu anayeitamani, anayewadhulumu majirani au anayekuja kuomba hifadhi. Lorne Greene, Mkanada, aliigiza baba. Pernell Roberts alikuwa Adam, Dan Blocker alikuwa Hoss, na Michael Landon alikuwa Joe.

Ilidumu misimu 14, vipindi vipatavyo 430. Kati ya tamthilia za kikauboi ni Gunsmoke pekee iliyoizidi umri. Kuanzia msimu wa 1964 hadi 1967 iliongoza kwa watazamaji Marekani nzima. Ilipigwa kwa rangi tangu mwanzo, na sababu ilikuwa biashara tupu: NBC ilikuwa mali ya RCA, na RCA ilikuwa inauza televisheni za rangi. Mtu alipokwenda dukani akaoneshwa lile ziwa la buluu na ile misonobari, alirudi nyumbani akiichukia televisheni yake ya zamani.

Kisa chenyewe kinakwendaje?

Joe anampenda Alice Harper. Alice ana kaka yake, John, ambaye ni mcheza kamari, na amejitia kwenye deni la mtu hatari aitwaye Sloan. Joe na Alice wanaoana hata hivyo, wanajijengea nyumba yao ndani ya ardhi ya Ponderosa, na muda si mrefu Alice ni mjamzito. Dawa ya deni ni kulipa, lakini John hana cha kulipa, na wadai wanajua sasa kwamba dada yake ameolewa kwenye familia yenye mali. Wanakuja nyumbani. Joe hayupo. Anaporudi anakuta nyumba imeteketezwa kwa moto na mkewe ameuawa.

Hapo ndipo kipindi kinapogawanyika. Nusu ya kwanza ni uchumba, arusi na ujenzi. Nusu ya pili ni Joe na Candy, yule mfanyakazi wa ranchi aliye kama ndugu, wakiwaandama wauaji.

Ni kweli kwamba kiliandikwa kwa ajili ya Hoss?

Ni kweli. Landon alikiandika akimkusudia Dan Blocker. Hoss ndiye angeoa na ndiye angefiwa. Blocker akafariki tarehe 13 Mei 1972, kabla msimu haujaanza kurekodiwa. Landon akaiandika upya hadithi, akamtoa Hoss na kumweka Joe, yaani akajiweka mwenyewe.

Hili ndilo jambo la kulijua kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza. Ukikitazama kipindi hiki bila kujua, utaona hadithi ya huzuni iliyotengenezwa vizuri. Ukijua, utaanza kuitazama meza. Ile meza ya chakula ya Ponderosa ilizoea watu wanne, na Hoss ndiye aliyekuwa akimaliza sahani zote. Adam aliondoka mwaka 1965, sasa na Hoss hayupo. Lorne Greene na Michael Landon wanacheza baba na mwana walioachwa, na walikuwa wamempoteza mwenzao kweli, miezi michache tu nyuma.

Dan Blocker alikufaje?

Alifanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, kisha bonge la damu likaziba mshipa wa pafu. Alikuwa na umri wa miaka 43. Kwa wasiomjua: mtu mkubwa wa mwili kutoka Texas, alipigana vita vya Korea, alikuwa na shahada ya uzamili ya sanaa za maonyesho na aliwahi kufundisha shule kabla ya kuingia Hollywood. Amezikwa De Kalb, Texas.

Kingekuwa kizuri zaidi kama Hoss ndiye angeoa?

Swali hili halikosi kuzua ubishi. Wengi husema ndiyo. Hoss alikuwa mtu mpole, mwenye haya mbele ya wanawake, aliyejaa mwili na asiyejiona mzuri. Katika msimu wa kwanza kabisa, kipindi cha "The Newcomers", alipenda mwanamke aliyekuwa tayari anaumwa kifua kikuu. Mtu kama huyo akipewa mke hatimaye, halafu akanyang'anywa, watazamaji wangelia kwa sauti.

Mimi nina mtazamo mwingine. Kwa Hoss kingekuwa kisa cha mtu mwema aliyeonewa, na basi. Kwa Joe kuna jambo la ziada. Joe alikuwa msumbufu wa mji, kijana wa kubadilisha wasichana, anayependa vita vya ngumi na mwepesi wa hasira. Mwaka 1972 Landon alikuwa na miaka 35, na uso wake ulikuwa umeanza kuonyesha hivyo. Kumwona huyu akitulia, akiongea mambo ya mbao na paa, ndiko kunakouma. Ujana wake umekwisha mbele ya macho yetu, na mara anaporuhusiwa kuwa mtu mzima, anachukuliwa kile alichokulia.

Alice anaigizwa na nani? Na John?

Alice ni Bonnie Bedelia, aliyekuwa na miaka 24. Wengi wa rika la baadaye wanamjua kama mke wa yule polisi katika Die Hard ya 1988, bila kujua kwamba walishamwona akiwa mke wa Little Joe. John ni Andrew Robinson, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametisha watu kama muuaji katika Dirty Harry. Kumpa yeye nafasi ya shemeji dhaifu anayevuta balaa ndani ya nyumba lilikuwa chaguo zuri: hata anapotabasamu hujui kama ni wa kuaminiwa.

Bedelia hachezi Alice kama malaika. Anamcheza kama mtu aliyechoka kumlea kaka mkubwa, na kwa hiyo unamwelewa anapompenda Joe, kijana mwenye nyumba, baba na jina. Kasoro ni kwamba hadithi inamhitaji zaidi afe kuliko aishi. Tunajua mengi kuhusu deni la kaka yake kuliko kuhusu yeye mwenyewe.

Mbona kila mwanamke anayependwa na Cartwright anakufa?

Mashabiki wana msemo juu ya "laana ya kina Cartwright", na si bure.

Tuanze na mzee mwenyewe. Ben ni mjane mara tatu. Elizabeth, mama wa Adam, alikufa baada ya kujifungua, huko pwani ya mashariki Ben alipokuwa bado mtu wa meli. Inger, mama wa Hoss, aliuawa njiani wakati msafara wao ulipokuwa ukielekea magharibi. Marie wa New Orleans, mama wa Joe, alianguka kutoka kwenye farasi hapohapo Ponderosa. Kila mmoja alipewa kipindi chake cha kumbukumbu: "Elizabeth, My Love" mwaka 1961, "Inger, My Love" mwaka 1962 na "Marie, My Love" mwaka 1963. Ni vipindi vizuri, hasa cha Inger, kwa sababu mtazamaji anajua mwisho wake kabla ya Ben.

Wana nao wakafuata njia ya baba. Joe peke yake anajaza makaburi. Mwaka 1959, katika "The Truckee Strip", alimpenda binti wa jirani ambaye baba yake alikuwa akigombana na Ben juu ya mpaka wa ardhi, na binti akauawa. Mwaka huohuo alimpenda Julia Bulette, naye akauawa. Mwaka 1962, katika "The Storm", akampoteza mwingine. Na hapo hatujahesabu walioondoka kwa gari la farasi huku Joe amesimama barabarani na kofia mkononi.

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Tamthilia za wakati ule zilitengenezwa ili kila kipindi kijitegemee. Mtu aliyekikosa wiki iliyopita hakutakiwa kupotea wiki hii. Mke anaharibu mpango huo: akishaingia Jumapili hii, lazima awepo Jumapili ijayo, alipwe, aandikiwe maneno. Mgeni anayekufa dakika ya 45 hana gharama hiyo.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo inayoifanya "Forever" iwe tofauti. David Dortort, aliyeibuni Bonanza, aliijenga juu ya mapenzi ya baba na wanawe. Kiini chake ni wanaume wanne chini ya paa moja. Kila ndoa ni tishio kwa paa hilo, kwa sababu mwana akioa anahama. Itazame nyumba, utaelewa kanuni ya mchezo. Mwaka 1964 Adam alikaribia kabisa kumwoa Laura Dayton, na katika kipindi kiitwacho "Triangle" anamjengea nyumba kwa siri. Anaanguka kutoka kwenye nyumba hiyohiyo na kuumia vibaya, na Laura anaishia kumpenda binamu yake, Will. Joe naye anajenga nyumba, na nyumba inachomwa. Ponderosa haivumilii nyumba ya pili.

Landon alikuwa ameishi ndani ya kanuni hiyo tangu akiwa na miaka 22, aliijua kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo hakuificha. Aliipa ndoa nafasi, akatuacha tuzoee, akatuonyesha mbao zikisimama, na ndipo akaleta moto. Vipindi vingine vinaua mchumba ili mambo yarudi kama zamani. Hiki kinaua mke, na mambo hayawezi kurudi kama zamani, kwa sababu wa kurudi naye nyumbani, yaani Hoss, hayupo.

Julia Bulette alikuwepo kweli?

Alikuwepo. Alikuwa kahaba mashuhuri wa Virginia City, mji wa migodi ya fedha uliochipuka baada ya mshipa wa Comstock kugunduliwa mwaka 1859. Alipendwa na wazimamoto wa mji, ambao walimfanya mwanachama wao wa heshima. Aliuawa Januari 1867 ndani ya nyumba yake ndogo na vitu vyake vikaibiwa. Mfaransa mmoja, John Millain, alihukumiwa na kunyongwa hadharani tarehe 24 Aprili 1868. Mark Twain alikuwa mjini siku hiyo na alishuhudia.

Mapenzi yake na Joe ni ya kutunga, kwani kina Cartwright wenyewe ni wa kutunga. Lakini "The Julia Bulette Story", kilichorushwa Oktoba 1959 na Jane Greer akiwa Julia, kinafaa kutazamwa kabla ya "Forever". Joe wa pale ni mvulana anayempenda mwanamke aliyemzidi umri na dunia, huku baba akikunja uso. Linganisha kilio cha Joe wa pale na ukimya wa Joe wa 1972, uone mwigizaji alivyokua.

Hakuna hata mmoja aliyeoa akatulia?

Ndani ya tamthilia yenyewe, hakuna. Katika Bonanza: The Next Generation, filamu ya televisheni ya mwaka 1988, tunaambiwa kwamba Joe alioa baadaye na kupata mwana, Benji, aliyeigizwa na Michael Landon mdogo, mtoto halisi wa Landon. Joe mwenyewe hayupo: alipotea vitani, katika vita vya Marekani na Hispania. Ni filamu ya kawaida tu, sikushauri uitafute kwa bidii.

Gunsmoke walitumia njia nyingine. Matt Dillon na Kitty walikaa mji mmoja miaka nenda rudi bila kuoana, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumuua mtu.

Hoss alielezwaje baada ya Blocker kufariki?

Mhusika naye alihesabiwa kuwa amekufa. Jambo hilo halikuwa la kawaida kwa wakati ule, maana waigizaji wakuu walipoondoka, wahusika wao walisafirishwa tu, kama Adam alivyofanywa. Ila sababu ya kifo cha Hoss haikuelezwa mpaka ile filamu ya 1988, iliposemwa kwamba alizama majini akijaribu kumwokoa mwanamke.

Candy si alishaondoka? Anafanya nini hapa?

David Canary aliingia mwaka 1967, akaondoka 1970 kwa mambo ya mkataba, akarudishwa mwaka 1972 baada ya msiba. Katika "Forever" yeye ndiye anayejaza pengo la kaka. Hamzuii Joe sana wala hamchochei. Yupo ubavuni mwake, na anahesabu maji na risasi wakati Joe hawezi kuhesabu chochote. Kwangu ndiye mwigizaji bora wa nusu ya pili.

Je, nusu ya kisasi ni nzuri kama ya kwanza?

Hapana. Nusu ya kwanza ina muda wa kupumua. Ya pili inarudi kwenye barabara inayojulikana: vumbi, nyayo za farasi, maadui wanaocheka. Sloan ni mwovu wa kutosha lakini hana mengi ya kusema. Na picha za kikauboi zina mazoea ya kumtuliza mtazamaji kwa bastola: umefiwa, basi fuata wauaji, ukiwapata huzuni imekwisha.

Lakini kuna jambo Landon alilifanya vizuri. Joe wa nusu ya pili si staringi tunayemshangilia. Ana hasira isiyopendeza, hasikilizi, anajitia hatarini kizembe, na unaanza kumhofia kuliko kuwahofia wauaji. Wanaosema kipindi kingekuwa bora kama kingeishia kwenye nyumba iliyoungua wana hoja. Nadhani tu kwamba NBC isingekubali kufungua msimu kwa mtu aliyekaa kwenye majivu bila kufanya lolote.

Anawapata? Nenda kaangalie.

Ben ana nafasi gani katika kisa hiki?

Ndogo kwa muda, kubwa kwa uzito. Huyu ni baba aliyezika wake watatu, na sasa anamwona mwanawe akiingia mlango uleule. Greene alikuwa na sauti nzito ya redio, aliwahi kusoma habari redioni Canada wakati wa vita, na kwa kawaida Ben huwa na neno kwa kila tatizo. Msikilize hapa anavyoishiwa maneno. Ukishaona vipindi vile vitatu vya Elizabeth, Inger na Marie, hutahitaji kuambiwa anafikiria nini.

Ni kweli Landon alikiandika na kukiongoza mwenyewe?

Ndiyo, vyote viwili, na juu yake akaigiza. Alianza kuandika vipindi vya Bonanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuongoza mwishoni mwa muongo huo. Kipindi cha mwisho alichokiandika na kukiongoza, "The Hunter", pia kimo katika msimu huu: Joe anawindwa jangwani na mtu mwenye kichaa cha vita. Baada ya hapo alikwenda kutengeneza Little House on the Prairie, kuanzia 1974, akawa baba mwenye machozi karibu. Ukitaka kujua Charles Ingalls, yaani baba huyo, alitoka wapi, ni hapa kwenye "Forever", kwenye ile nusu saa Joe anapokuwa mume. Landon alifariki tarehe 1 Julai 1991 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 54.

Kama kilikuwa kizuri hivyo, mbona Bonanza ilifutwa miezi michache baadaye?

Kwanza, Hoss. Watazamaji wengi walikuwa wanakuja kwa ajili yake. Pili, saa. Tangu 1961 Bonanza ilikuwa ya Jumapili saa tatu usiku, familia zilishaizoea kama ibada. Mwaka 1972 NBC iliihamishia Jumanne saa mbili usiku. Usiku uleule wa "Forever", saa ileile, CBS ilizindua vichekesho vipya vya Maude, vya mwanamke wa mjini mwenye mdomo mkali. Unaweza kuona jinsi nchi ilivyokuwa imebadilika: kituo kimoja kina mwanamume anayelilia mke wake wa karne ya 19, kingine kina mwanamke anayemfokea mumewe wa nne. Watu wakahamia kule.

Amri ya kuifuta ilitoka Novemba 1972, na kipindi cha mwisho kilirushwa tarehe 16 Januari 1973. Msimu wote ulifikisha vipindi 16.

Kwa nini Joe anavaa nguo zilezile miaka yote?

Ile koti ya kijani iliyopauka na suruali ya rangi ya mchanga si umaskini wa kina Cartwright. Wakivaa sare, picha za farasi na milima zilizopigwa mwaka mmoja zinaweza kutumika tena mwaka mwingine bila mtu kugundua. Ben alikuwa na kizibao chake cha ngozi, Hoss shati jeupe, Adam meusi matupu. Nywele ndizo zinazotoboa siri: za Landon zilirefuka kadiri mitindo ya mwisho wa miaka ya 1960 ilivyobadilika, kwa hiyo ukiona nyuma ya kichwa kuna nywele fupi na mbele ndefu, ujue picha imetoka kabatini.

Mahali penyewe pako wapi?

Virginia City ipo mpaka leo, Nevada, na Ziwa Tahoe liko mpakani mwa Nevada na California. Nyumba ya Ponderosa ilikuwa ya studio, Paramount kwanza, kisha Warner Bros. kuanzia 1970. Mwaka 1967 ilifunguliwa bustani ya burudani huko Incline Village, karibu na ziwa, yenye mfano wa nyumba hiyo. Ilifungwa mwaka 2004.

Watoto wanaweza kukitazama?

Damu haioneshwi sana, ilikuwa televisheni ya familia. Tatizo ni uzito. Mtoto aliyezoea katuni atauliza mama mtarajiwa amekosa nini, na itabidi umjibu.

Nianzie wapi kama sina muda wa kutazama vipindi 430?

Vipindi kadhaa vya misimu miwili ya mwanzo vimo huru mtandaoni kwa sababu hakimiliki zake hazikuhuishwa. "Forever" haimo katika hivyo, utahitaji kuinunua au kuivizia kwenye vituo vinavyorusha tamthilia za zamani. Anza na "The Julia Bulette Story" ili umjue Joe wa mwanzo. Kisha "Inger, My Love", ambacho kinatosha kukueleza kuhusu Ben kama huna nafasi ya vyote vitatu. Halafu chagua kipindi chochote cha kuchekesha cha Hoss, cha katikati ya miaka ya 1960, usikiruke hiki hata ukiona ni upuuzi, kwa sababu lazima umzoee kabla hajakosekana. Fuata na "Triangle" kama umevutiwa na habari za nyumba. Mwisho "Forever", kwa mkupuo mmoja ukiweza, maana kile kipande cha kwanza kikikatwa na kuachwa hadi kesho kinakuachia siku nzima ya kudhani kwamba mambo yatakuwa sawa.